Sanduku la Tisa

Katika chumba cha chini ya ardhi, Saint Paul, Minnesota,
kalamu ya wino hairuhusiwi.
Penseli tu, na mikono iliyooshwa ikakauka.
Koti unalivua mlangoni, theluji bado mabegani mwake,
kama mgeni aliyefika msibani matanga yakiwa yameanuliwa.

Kazi yangu ni kung'oa pini.
Saa kumi na mbili kwa wiki, baada ya vipindi,
nang'oa pini zilizoshika kutu kwenye mahubiri
ya Profesa Halvard Tveit, mwalimu wa Kigiriki,
aliyefundisha seminari hii miaka thelathini na mmoja
na hakutupa kitu.

Hakutupa kitu, nasema kweli.
Risiti za makaa ya mawe. Kadi ya daktari wa meno.
Mitihani ya vijana waliokuja kuwa maaskofu,
wakafa, wakazikwa kwa heshima,
na alama zao bado ni hamsini na nane.
Mahubiri ya Kwaresima nyuma ya orodha ya viazi,
au orodha ya viazi nyuma ya Kwaresima:
Marlys anasema si kazi yetu kuamua upande upi ni wa mbele.

Marlys Engebretson ndiye mtunza nyaraka.
Sheria yake ni moja: usipange upya.
"Jinsi mtu alivyoziacha," ananiambia, "ndilo neno lake la mwisho."
Mimi niliyekulia Bulongwa, kwa mama
anayefagia uwanja akirudi kinyumenyume
asiache hata unyayo wake mwenyewe,
napata tabu.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kushika karatasi rahisi ya mwaka thelathini na nne:
inaoza kwa tindikali yake yenyewe, kutoka ndani,
inabaki mezani kama pumba.

Masanduku kumi na manne ni ya profesa.
Mkewe, Borghild, ana kabrasha moja, jembamba,
na ndani yake daftari la hali ya hewa.
*Kumi chini ya sifuri. Nimeoka. Wanafunzi sita mezani.*
*Upepo. Wanafunzi tisa. H. amesali kirefu, supu ikapoa.*
*Mvua ya mawe. Barua hakuna.*
*Mawingu. Barua hakuna.*
Kurasa na kurasa.
Sikujua ni barua ya nani
mpaka sanduku la tisa.

Ilikuwa katikati ya mazoezi ya vitenzi,
wakati ule wa Kigiriki usiosema kama jambo liliisha.
Bahasha ya bluu. Muhuri wa posta ya Seattle, Juni, hamsini na moja.
Mwandiko wa kijana mwenye haraka:
*Kwa Mama, Bi. Borghild Tveit.*
Gundi imekaza. Haijawahi kufunguliwa.

Nikarudi kwenye daftari, nikaitafuta wiki ile.
*Jua. Nimeanika mashuka. Barua hakuna.*

Labda aliifanya alama ya ukurasa akasahau,
wasomi husahau hata kofia vichwani.
Labda aliutambua mwandiko.
Labda alitaka kumwadhibu mwana
na fimbo ikamwangukia mama.
Lakini moto ulikuwepo, makaa yalikuwepo, risiti ninazo,
na hakuichoma.

Marlys alivua miwani, akaifuta kwa sweta,
muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.
"Kuna mjukuu Duluth. Nitamwandikia.
Mpaka ajibu, haifunguliwi."
Akairudisha palepale, kati ya vitenzi.
Nikaandika kwa penseli:
*Bahasha moja. Imefungwa.*
Nilitaka kuongeza neno. Hakukuwa na nafasi,
au ilikuwepo.

Kituoni, basi la themanini na saba limechelewa.
Kwenye simu, sauti tatu za mama, tangu Jumanne, sijazisikiliza.
Navua glavu kwa meno.
Anasema viazi vimeshuka bei. Anasema mchungaji amehamishwa.
Anasema baridi ya huko mwaka huu ni kali, kali kweli,
asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe,
na kama nimekula.